Aliyesimama wa Kwanza Ukumbini

Kwa wiki tatu nzima baba na binti walikaa kwenye benchi moja la kazi bila kusemeshana.

Duka lao la miwani lilikuwa na vyumba viwili tu, cha mbele cha kupimia macho na cha nyuma cha kusagia lenzi, na huko nyuma ndiko walikoshinda tangu binti amalize shule, mwaka wa tisa huu. Mashine mbili, viti viwili, dirisha moja. Zamani walibishana kutwa, mara redio iko juu, mara nani ameficha kitambaa laini cha kufutia vioo. Sasa lenzi zilipita mkono hadi mkono kimyakimya, na kitu kikihitajika baba aliandika kwenye kikaratasi, "Kushoto punguza kidogo," na binti akajibu chini yake, "Nimepunguza." Mteja aliyechungulia angedhani ni mabubu.

Yote yalianza siku binti aliposema amechaguliwa kuimba kwenye ukumbi wa mji, tena nafasi ya mbele kabisa. Baba alizima mashine.

"Siku utakayopanda jukwaa lile, mimi na wewe basi."

"Baba, ni nyimbo tu."

"Nimesema."

Akapanda. Kesho yake, saa mbili kamili asubuhi, alikuwa dukani, amefunga aproni, anawasha mashine yake. Hakufukuzwa, hakukaribishwa. Akaamua kwamba mtu asiyefukuzwa anafanya kazi, akafanya kazi.

Mchezo wenyewe uliitwa *Binti wa Stesheni*, nyimbo mwanzo hadi mwisho. Ulichezwa mara ya kwanza miaka thelathini na miwili nyuma, ukawaacha watu wa mji ule wakiuimba jikoni, maofisini na kwenye foleni. Mkuu wa stesheni ana binti anayekata tiketi. Binti anampenda dereva wa treni. Baba hataki hata kusikia. Sehemu ya pili inafunguka binti amesimama mbele ya geti lililofungwa, ufunguo uko mkononi mwa baba yake, anamwimbia afungue. Hakukuwa na mtu mzima pale mjini asiyeujua wimbo huo wa geti, na sasa mchezo uliporudishwa jukwaani kila mtu alikuwa na la kusema.

Ukumbini walimwita Miwani, kwa kazi yake na kwa ile miwani nene aliyoivaa tangu darasa la pili. Tatizo ni kwamba binti wa stesheni hakuwa mvaa miwani. Kwa hiyo kila alipotoka kwenda mbele ya watu aliivua, na watu mia nne wakageuka ukungu. Aliwasikia, lakini hakuwaona. Aliyewaona kwa niaba yake ni Vidole.

Vidole alikuwa mpiga piano wa ukumbi, kijana mrefu asiyejua kukaa bila kugonga meza, aliyekaa chini ya jukwaa upande wa kushoto, uso nusu kwa waimbaji na nusu kwa watazamaji. Kila onyesho likiisha walikaa kwenye ngazi za nyuma na chai mbili za moto, na Miwani akasema neno lilelile.

"Niambie watu."

"Safu ya pili kulikuwa na mzee anaimba kila wimbo kabla yako. Wewe unafungua mdomo, yeye ameshafika kwenye kiitikio."

"Nilimsikia! Nikadhani ni mwangwi."

"Vijana wa nyuma wamecheka pale mkuu wa stesheni anapomwambia bintiye aende chumbani. Mama mmoja akageuka akawapa jicho, wakanywea kama maua yasiyomwagiwa maji."

"Na wimbo wa geti?"

Hapo Vidole aliacha kugonga meza. "Wimbo wa geti hakuna anayekohoa. Kuna mwanamke aliyekuja Jumatano peke yake. Leo amerudi na dada zake wanne, na wote watano wameshikana mikono. Halafu mlangoni wameanza kugombana. Wawili wanasema binti angengoja, watatu wanasema angeruka geti."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nipo upande wa anayeimba."

Ni katika ngazi hizo ndipo mapenzi yao yalipoota. Hakuna aliyemtongoza mwenzake. Mwanamume alikuwa akimsimulia mwanamke dunia asiyoiona, mwanamke akawa hawezi tena kulala bila kusikia simulizi hiyo. Ilipofika wiki ya pili Vidole alivaa shati la mikono mirefu, akamchukua mjomba wake, wakaenda dukani kuomba rasmi. Baba mtu aliwasikiliza mpaka mwisho, akiwa amesimama.

"Unafanya kazi gani, kijana?"

"Napiga piano ukumbini, mzee."

"Nimeuliza kazi."

Mjomba alikohoa. Baba akawafungulia mlango.

* * *

Alhamisi ya wiki ya tatu aliingia dukani mkunga mmoja mstaafu, mama mnene mcheshi, aliyewahi kuwapokea duniani nusu ya watu wa mtaa ule na hakuacha kuwakumbusha. Alitaka miwani mpya, tena ya haraka.

"Nione mbali, fundi. Karibu sina shida, sindano natunga mwenyewe."

Baba alimkalisha mbele ya ubao wa herufi, akamwekea fremu ya majaribio, akaanza kubadilisha vioo. Miwani alikuwa mlangoni mwa chumba cha nyuma, amebeba trei ya lenzi.

"Kuna nini hasa unataka kukiona, mama?"

"Uso wa yule msichana wa ukumbini. Nimeenda mara mbili, nimeambulia sauti tu. Jumamosi alasiri nakwenda tena, na safari hii nataka kumwona anavyolia."

Baba akabadilisha kioo.

"Sauti yake inanikumbusha yule wa kwanza kabisa," mkunga aliendelea, ameshafungulia bomba. "Nilikuwepo, fundi. Miaka thelathini na miwili. Yule binti alikuwa katikati ya wimbo wa geti, mara kijana mmoja akasimama huku chini. Kaka yake, wa tumbo moja! Akapaza sauti: Wewe! Shuka hapo! Shuka twende nyumbani! Mungu wangu. Sisi tukadhani ni sehemu ya mchezo. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Yule kijana akabaki pale amesimama, ukumbi mzima unamcheka. Na dada mtu akafumba macho, akaimba mpaka neno la mwisho. Wanasema hakurudi kwao tena maisha. Nimejiuliza mara nyingi yule kaka aliishia wapi."

Kioo kilikuwa kati ya vidole vya baba, nusu ndani ya fremu, nusu nje. Hakikwenda mbele wala nyuma.

"Fundi? Mbona giza?"

"Samahani, mama." Akakisukuma ndani. "Soma mstari wa nne."

Miwani aliiweka trei chini polepole. Alijua ana shangazi. Nyumbani alikuwa mtu asiyetajwa, mwenye picha moja tu, iliyofichwa kabatini ikiwa imegeuzwa uso. "Alihama," ndilo jibu pekee alilowahi kupewa.

Mkunga alipoondoka, binti alienda akasimama mbele ya baba yake. Hakuandika kikaratasi.

"Ni wewe."

Baba alikuwa anafuta kioo kilichokwisha kung'aa.

"Baba, yule kaka ni wewe?"

Akakiweka kioo kwenye sanduku lake, akavua koti la kazi, akatoka mlango wa mbele saa tano ya asubuhi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu duka lifunguliwe.

* * *

Jumamosi onyesho lilianza saa tisa alasiri. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Miwani aliimba sehemu ya kwanza kama kawaida, ndani ya ukungu wake, akisikia vicheko mahali pake na yule mzee wa safu ya pili akimtangulia. Wakati wa mapumziko alirudi chumba cha mavazi, akavaa miwani, akanywa maji. Vidole akaingia.

"Niambie watu."

"Watu wazuri."

"Wazuri vipi?"

"Wazuri tu. Wamejaa."

Miwani akaishusha glasi. "Vidole, umeficha mikono mfukoni. Wewe hufichi mikono. Nani yuko nje?"

Vidole alitazama mlango, akatazama dari, mwisho akakosa pa kutazama.

"Safu ya tatu, kiti cha pembeni. Koti la kijivu."

"Tangu lini?"

"Tangu pazia lilipofunguliwa."

"Na ulikuwa uniambie lini?"

"Ukishamaliza. Nilitaka uimbe kwa amani."

"Nani kakuambia nataka amani?" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. "Siku zote ni macho yako ninayoyaamini kule mbele. Leo ndiyo siku umeamua kunichagulia cha kuona?"

"Nisikilize." Alisogea, akamshika mabega. "Alhamisi uliniambia yule kaka ni baba yako, na leo mkunga wako kanisimulia kisa chote pale nje, anasimulia kila mtu. Nimejua alichofanya baba yako hapa. Sasa amekaa safu ya tatu, mikono magotini, hacheki, hapigi makofi. Mtu wa namna hiyo hajaja kustarehe. Tuuruke wimbo wa geti. Leo tu. Nitaunganisha moja kwa moja na ule wa treni, watu hawatajua."

"Watu mia nne wanaoujua wimbo ule kuliko majina ya wajukuu zao, hawatajua?"

"Akisimama je?"

"Asimame."

"Akikuita?"

"Nitaitika nikimaliza."

"Miwani, mimi nataka kumwoa binti wa mtu huyu!" Naye sasa alikuwa amepandisha. "Nikimpigia wimbo ule usoni leo, nimejichimbia kaburi mwenyewe. Tungoje kidogo. Mwakani atakuwa amepoa, nitarudi na mjomba..."

"Mwakani."

"Ndiyo, mwakani. Kuna ubaya gani?"

"Shangazi yangu amengojwa miaka thelathini na miwili, Vidole. Kila mtu kwetu alikuwa anangoja mwenzake apoe. Wakapoa wote, wamebaki baridi." Alimtoa mikono mabegani, si kwa hasira, ila kama mtu anayeondoa utando wa buibui ili apite. "Ukitaka kungoja, ngoja. Usiningojeshe mimi. Nakupenda, na baba yangu nampenda, na wimbo nitauimba. Upige au usipige. Hata bila piano."

Kengele ya kumaliza mapumziko ililia. Vidole alisimama pale akimtazama kwa macho ya mtu aliyechapwa kofi, kisha akageuka akatoka. Miwani alijitazama kwenye kioo. Machozi yalikuwa karibu, lakini alijua akianza kulia rangi ya uso itateremka mpaka kidevuni. Akajikaza. Mvalishaji akanyoosha mkono kama kila siku kupokea miwani yake.

"Leo nabaki nayo," alisema.

* * *

Alipotoka kwenda mbele, minong'ono ilipita ukumbini. "Kasahau miwani huyo!" Vijana wa nyuma wakacheka. Miwani hakuwasikia sana, maana kwa mara ya kwanza alikuwa anawaona.

Kumbe walikuwa na nyuso! Kulikuwa na mzee wa safu ya pili, mdomo wazi tayari kumtangulia, hana hata jino moja la mbele. Kulikuwa na mwanamke na dada zake wanne, wamekuja tena. Safu ya nne alikaa mkunga na fremu yake mpya, ambayo Miwani mwenyewe alisaga lenzi zake jana yake, akimkodolea macho kwa furaha. Na mbele ya mkunga, kiti cha pembeni, alikuwepo baba yake. Alionekana mdogo. Dukani alikijaza chumba. Hapa alikuwa mtu mmoja mwenye koti la kijivu katikati ya watu.

Chini kushoto Vidole alikuwa amekaa kwenye piano. Aliiona ile miwani. Akainamisha kichwa, vidole vikashuka, na wimbo wa geti ukaanza.

*Ufunguo ni wako, baba,*
*lakini miguu ni yangu.*

Hakuna aliyekohoa. Aliimba ubeti wa kwanza akimtazama yule aliyeigiza mkuu wa stesheni, kama alivyofundishwa. Alipochukua pumzi kuingia ubeti wa pili, kiti kikalia kwa kukunjika. Baba yake alikuwa amesimama.

Alisimama wima, mkono mmoja umeinuka nusu, mdomo umefunguka. Vichwa vya wazee vikageuka. Mtu fulani akasema kwa sauti ya chini, "Mungu wangu, tena?" Na Miwani, ambaye kwa wiki tatu hakuwahi kusahau hata neno moja, akawa hana neno kinywani.

Piano ilifika mahali pake pa kuingia. Hakuingia. Vidole akarudia mstari ule, taratibu, kana kwamba ndivyo ulivyoandikwa. Ukafika tena. Hakuingia. Baba yake alikuwa bado amefungua mdomo. Miwani aliyaona macho yake, aliyaona vizuri kabisa, na ndani yake hakukuwa na hasira hata chembe. Alikuwa ameogopa, kama mtu aliyepanda juu ya paa kisha ngazi ikaondolewa.

Piano ikarudia kwa mara ya tatu. Binti hakufumba macho. Alimpa mgongo mkuu wa stesheni, akaja mpaka ukingo wa jukwaa, akamwimbia baba yake.

Aliimba ubeti wa pili wote akimtazama. Mkono wa baba ulishuka kidogo kidogo. Mdomo ukafunga. Lakini hakukaa. Na pale nyuma yake mkunga, aliyeona mtu mwenye heshima zake amesimama kwa ajili ya wimbo, akaona haya kubaki kitini. Akajiinua kwa magoti yake mabovu, akishikilia kiti cha mbele. Dada watano wakainuka. Mzee asiye na meno akainuka. Safu ikafuata safu, viti vikilia kama mvua inayokaribia kwenye mabati, mpaka wale vijana wa nyuma nao, waliokuwa wakicheka, wakasimama bila kujua nani kawaambia. Baba aligeuka kutazama kuna nini. Watu mia nne walikuwa wamesimama, na wote walikuwa wanamtazama yeye kwa shukrani, kwamba ndiye aliyewaonyesha cha kufanya.

Kiitikio cha mwisho ukumbi mzima uliimba. Makofi yalipolipuka, Miwani aliona kitu ambacho hakuna mtu angeweza kumsimulia: baba yake, amegeuka tena kuelekea jukwaani, analia mdomo umebana, kama mwanafunzi asiyetaka mwalimu ajue.

* * *

Onyesho lilipokwisha, wa kwanza kuingia chumba cha mavazi ni Vidole. Alisimama mlangoni.

"Nilikosea."

"Ulirudia ule mstari mara tatu," Miwani alisema.

"Ningerudia mpaka kesho."

Hakuna aliyesogea kwanza. Walijikuta tu wameshikana, kidevu cha Vidole juu ya kichwa cha Miwani, na rangi ya uso ikihamia kwenye shati jeupe. Hodi ikabishwa. Wakaachana haraka kama watoto.

Baba aliingia, akatazama nguo zilizotundikwa, akatazama shati la Vidole. Akakaa kwenye kiti cha mvalishaji.

"Sikusimama kukupongeza," alisema.

Sauti hiyo! Wiki tatu alikuwa hajaisikia ikielekezwa kwake.

"Najua, Baba."

"Nilisimama nikushushe. Nimelala siku mbili nikijiambia siji, nikaja. Nikajiambia sisimami, nikasimama. Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka."

"Kwa nini?"

"Uliniangalia." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Shangazi yako alifumba macho siku ile. Mtu akifumba macho unaweza kumpigia kelele utakavyo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Babu yako aliniambia, nenda kamlete, usiporudi naye usirudi. Nikatumwa kama barua. Nikasimama, nikapaza sauti, na watu wote hawa wakacheka. Kicheko kile, mwanangu, nimelala nacho miaka yote. Nikawa nauchukia ukumbi, nauchukia wimbo, nikasema damu yangu haikanyagi tena pale. Kumbe nilikuwa najichukia mimi."

Miwani alipiga magoti mbele ya kiti, akamshika mikono, ile mikono iliyomfundisha kusaga lenzi bila kukwaruza.

"Leo hawakucheka."

"Leo wamenishukuru! Yule mkunga amenikumbatia. Amenilowesha koti zima." Kicheko kidogo kilimponyoka, akakimeza, kisha akageukia upande wa pili. "Na wewe."

Vidole alisimama wima. "Naam, mzee."

"Nimekuangalia alasiri nzima. Unapopiga, pua yako inakaribia kugusa karatasi. Tangu lini huoni?"

"Naona, mzee. Ila... mistari huwa inaungana kidogo."

"Inaungana kidogo, anasema! Unapiga kwa kubahatisha. Jumatatu saa mbili uwe dukani, nikupime."

Vidole akaiona nafasi, akaivamia kwa miguu miwili. "Nitakuja, baba. Nitakuja na mjomba."

"Mjomba naye haoni?"

Miwani akacheka mpaka akashika meza. Kisha akainuka, maana alijua akiiacha saa hii ipite kwa mizaha, itakuwa mwakani.

"Baba, hatuji kuomba mara ya pili. Ulishaombwa kwa heshima zote. Tunafunga ndoa tarehe sita ya mwezi ujao. Nataka uwepo, nataka wewe ndiye uniingize. Lakini siku imeshapangwa."

Nje kwenye varanda watazamaji walikuwa bado wanabishana kwa sauti: angengoja, asingengoja.

"Tarehe sita ni siku gani?" baba aliuliza.

"Jumamosi."

"Jumamosi duka liko wazi."

"Tutafunga."

Alitazama viatu vyake kwa muda. "Tutafunga," alirudia, polepole, kama mtu anayeonja kitu asichokizoea.

"Na shangazi atakuwepo. Nitamtafuta popote alipo."

"Huna haja ya kumtafuta." Baba hakuinua kichwa. "Najua anakokaa. Nimejua siku zote. Ana duka la vitambaa, nyuma ya hospitali kuu, anaishi ghorofa ya juu yake. Nimefika mlangoni pale mara tatu. Mara ya mwisho niligonga. Nikasikia nyayo zake zinakuja, nikateremka mbio. Mzee mzima!"

Miwani alitazama saa ya ukutani. Saa kumi na moja na robo. Onyesho la jioni lilikuwa saa mbili. Alichukua kitambaa akajifuta shavu moja, akaona linatosha, akachukua mkoba wake.

"Twende."

"Wapi?"

"Kwa shangazi."

"Leo?"

"Leo, Baba. Mimi ndiye nitakayegonga. Wewe kazi yako ni kutokimbia."

"Nimevaa koti lenye machozi ya mkunga."

"Atakupenda hivyohivyo."

Mzee aliinuka. Alifunga vifungo vya koti, akafungua kimoja, akakifunga tena, akatoka mlangoni mbele yao. Vidole akamvuta Miwani mkono.

"Tarehe sita?" alinong'ona. "Mbona mimi ndiyo kwanza naisikia?"

"Una kazi siku hiyo?"

"Sina."

"Basi wakikupa, kataa."

Alimwangalia mwanamke huyu aliyependa kuambiwa watu, na ambaye sasa ndiye anayewaambia watu, na uso wote ukamchanua. "Nimeshakataa," alisema.

Miwani akambusu haraka, akamwachia rangi nyingine pembeni mwa mdomo, akatoka mbio kumfuata baba yake, ambaye alikuwa ameshafika nusu ya ngazi na hakuwa anapunguza mwendo.